Draivu shafti za gari lililoinuliwa kidogo: uvike raba mpya au ununue nyingine?

Grisi nyeusi iliyorukia upande wa ndani wa rimu ndiyo dalili ya kwanza, na wengi wetu huku Mtwara huiona siku gari limepigwa jeki kwa ajili ya pancha. Raba ya CV, yaani mfuko wa mpira unaofunika jointi ya draivu shafti na kutunza grisi yake, ambao mafundi wengine huuita buti, imepasuka. Mtu akiona hivyo huanza kupiga simu Dar kuulizia draivu shafti mpya, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Ningependa asubiri kidogo. Mara nyingi kilichokufa ni mpira wa bei ndogo, na chuma kilichomo ndani bado kina maisha marefu kuliko chuma kipya atakacholetewa na basi la usiku.

Hili nililijua baada ya kulipia. Prado 95 yangu niliinua inchi mbili ili ipite vizuri njia za mashambani kati ya Tandahimba na Newala. Baada ya miezi kadhaa raba ya ndani, upande wa kushoto, ikaanza kutema grisi. Nikang'oa draivu shafti zote mbili za asili, zilizokuja na gari kutoka Japani, nikamwachia mnunuzi wa vyuma chakavu, nikafunga mpya za bei nafuu. Msimu wa korosho haukuisha. Siku moja napanda kutoka bonde la Ruvuma kurudi Newala, usukani nimeukata kulia kwenye kona ya mlima, nikasikia ka-ka-ka-ka kutoka gurudumu la mbele. Fundi alipoifungua, gololi za ndani ya jointi zilikuwa na vidonda kama embe lililoliwa na wadudu. Zile za zamani zilihitaji raba na klipu tu.

Anza kwa kujua gari lako ni la aina gani

Kama una Land Cruiser mkonga au hardtop ya 70 Series, au Jimny, ekseli yako ya mbele ni bomba zima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ukiinua springi, ekseli yote inabaki pamoja na magurudumu, kwa hiyo pembe ya jointi zilizomo ndani haibadiliki. Shida za kuinua gari la namna hiyo zipo kwingine: usukani kuwa mwepesi na kutangatanga, na pembe ya propela shafti. Mwongozo huu haukuhusu sana.

Unawahusu wenye gari ambalo kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake: Prado kuanzia 90 na 95, 120, 150, Hilux Vigo ya fowili, Escudo, na hata RAV4 au X-Trail iliyowekewa spesa, kile kipande cha kuinulia gari. Huko difu, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia, imefungwa kwenye chasisi. Ukiinua gari, difu inapanda na chasisi huku magurudumu yakibaki chini, na draivu shafti inalazimika kuinama kuteremkia gurudumu saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa.

Kila draivu shafti ina jointi mbili. Ya nje, iliyo kwenye gurudumu, ina gololi sita ndani ya keji, yaani fremu ya chuma inayozishika. Asili yake ni kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa wa miaka ya 1920, na inaweza kukunjika digrii 45 au zaidi kwa sababu lazima ifuate usukani. Ya ndani, upande wa difu, kwa magari mengi ni ya miguu mitatu yenye rola. Hiyo inateleza kuingia na kutoka kadiri gurudumu linavyopanda na kushuka, lakini kukunjika kwake ni karibu nusu tu ya ile ya nje. Ndiyo maana gari likiinuliwa, wa kwanza kulia ni jointi ya ndani na raba yake, ingawa watu wengi hukimbilia kuangalia ya nje.

Pima, usikadirie

Chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, gari likiwa mahali tambarare. Kama hukupima kabla ya kuinua, tafuta gari la aina yako ambalo halijaguswa ulipime hilo. Ukishajua gari limepanda kiasi gani, hesabu yake ni rahisi. Kwa shafti yenye urefu wa sentimita 43 hivi kati ya jointi na jointi, kuinua milimita 50, yaani inchi mbili, kunaongeza pembe ya kama digrii 6 au 7. Milimita 75 zinaongeza karibu digrii 10. Kwa kazi zetu, inchi mbili zinatosha, na juu ya inchi tatu sikushauri kabisa kama huna mpango wa kubadilisha vitu vingine vingi.

Namna ya kuinua nayo ina uzito wake, na hapa wengi hawaelezwi. Spesa inayowekwa juu ya shokapu inasukuma shokapu zima chini. Spesa ya milimita 25 huko juu inaweza kuinua gari kama milimita 50, kwa sababu shokapu limefungwa katikati ya mkono wa chini. Lakini pia gurudumu likining'inia, kwa mfano unapovuka mtaro na upande mmoja uko hewani, linashuka zaidi ya lilivyokusudiwa kiwandani, na jointi inafika mwisho wa mkunjo wake. Springi ndefu au ngumu zaidi kwenye shokapu la urefu uleule haiongezi huo mshuko wa mwisho. Inabadilisha tu mahali gari linapokaa kwa kawaida. Kama bado hujainua, chagua springi.

Wapo watakaokuuzia spesa za kushusha difu. Zinasaidia kidogo. Kwa magari mengi zinashusha upande wa mbele wa difu tu, difu inainama, kwa hiyo faida kwenye pembe ya shafti ni ndogo kuliko unene wa spesa yenyewe. Kwa inchi mbili, mimi sikuziweka.

Sikiliza, kisha angalia

Tafuta uwanja wenye nafasi, kata usukani hadi mwisho, nenda polepole ukikanyaga mafuta kidogo, kulia kisha kushoto. Mlio wa kukatakata unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka ni jointi ya nje. Mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta kwenye njia iliyonyooka na kupotea ukiachia ni jointi ya ndani. Kishindo kimoja unapotoa gia ya mbele na kuingiza ya nyuma kinaweza kuwa jointi ya ndani, lakini pia bushi za difu, propela au maunti ya injini, kwa hiyo usihukumu kwa hicho peke yake.

Halafu ingia chini na tochi, gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya magurudumu, usiingie kamwe chini ya gari lililo kwenye jeki pekee. Tazama mikunjo ya raba ya ndani upande wa chini. Gari lililoinuliwa hubana mikunjo hapo, na kama inagusana utaona mistari inayong'aa mahali mpira unaposuguana na mpira. Raba ya nje hubanwa upande wa juu. Pitisha kidole kwenye kingo za klipu. Unyevu wa grisi kwenye klipu, bila mpasuko wowote, maana yake klipu imelegea au raba imevutwa ikatoka kwenye kitako chake. Hiyo ni kazi ya klipu mpya na saa chache za fundi.

Grisi ndiyo inayoamua

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, kwa hiyo usiharakishe.

Raba ikishafunguliwa, chota grisi kidogo kutoka ndani kabisa, karibu na gololi, uipake kati ya kidole gumba na cha shahada. Isugue taratibu. Grisi nyeusi laini kama siagi ni nzuri, weusi wake unatokana na molibdenamu iliyomo. Ukisikia chembe zinazokwaruza kama uji wa muhogo uliopitiwa na mchanga, mchanga wa uwanda wa Makonde umeshaingia. Peleka kidole juani. Ukiona vumbi linalometa kama rangi ya fedha, huo ni unga wa chuma chenyewe. Kipande cha sumaku ya spika mbovu kitakuonyesha tofauti: mchanga haunasi, chuma kinanasa.

Mchanga ulioingia juzi unaweza kusafishwa. Mchanga uliokaa mwezi mzima umeshafanya kazi yake. Kwa hiyo muda una maana. Ukigundua raba imepasuka ukiwa Masasi na safari ya kurudi Mtwara mjini ni lami, unaweza kufika. Ukiigundua Liwale wakati wa mvua, funga kwanza kwa mpira wa tairi la baiskeli na waya, hata kama ni kwa muda tu, halafu uendeshe.

Baada ya grisi, osha jointi na utazame chuma. Kunja jointi kwa pembe, tazama gololi moja baada ya nyingine kupitia madirisha ya keji, na njia zinazopita gololi. Chuma kinachong'aa sawasawa ni kizima, hata kama kina alama ya kung'arishwa pale gololi inapopita kila siku. Vidonda vidogo kama tundu za sindano, madirisha ya keji yaliyotanuka hadi gololi inacheza, au rangi ya buluu ya chuma kilichopata moto, vyote vinamaanisha jointi imekwisha. Kwa ile ya ndani, pitisha ukucha kwenye njia tatu za rola. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, utasikia mtetemo hata ukivika raba ya dhahabu.

Gari lililoinuliwa lina jambo moja la ziada. Kwa kuwa shafti sasa inakaa pembe mpya, gololi na rola zinapita sehemu nyingine ya njia, tofauti na ile iliyozoeleka miaka yote. Jointi ya zamani iliyokuwa kimya inaweza kuanza kutetema kidogo siku za mwanzo. Kama chuma ni safi na grisi haina chembe, ipe muda.

Uamuzi wangu ni huu: shafti ya asili ikiwa na chuma safi, ivike raba mpya, nje na ndani kwa pamoja. Jointi moja ikiwa na vidonda, tafuta shafti nzima nyingine. Kubadilisha jointi moja ya nje kwa kununua kichwa peke yake nimeona kukileta matatizo ya meno kutolingana na kuchezacheza, labda kama kichwa ni cha kampuni yenyewe.

Ukilazimika kununua

Kwa mpangilio wangu: ya kwanza ni jenuini mpya kama mfuko unaruhusu, ya pili ni mtumba wa asili kutoka Japani uliouchagua kwa macho yako na kuuvika raba mpya, ya mwisho ni mpya ya bei nafuu. Najua wengi wataniuliza kwa nini mtumba uitangulie mpya. Chuma cha asili kimepitishwa kwenye moto na kupozwa kwa namna inayokipa ngozi ngumu, na vipimo vyake ni vya karibu sana. Za bei nafuu nyingi zinafanya kazi vizuri kwenye gari la urefu wa kawaida, lami, mjini. Ukiziweka kwenye pembe ya digrii 6 zaidi na kuzipandisha mlima na magunia ya korosho, udhaifu wake unajitokeza haraka. Nyingine jointi yake ya ndani haina mkunjo wa kutosha kabisa.

Ukienda Kariakoo au Ilala, au ukimtuma mtu, nenda na shafti yako ya zamani. Usitume picha. Dukani fanya haya:

Zilaze sambamba mezani. Linganisha urefu zikiwa zimesukumwa ndani kabisa, kisha zikiwa zimevutwa. Hesabu meno ya upande wa habu (kitovu cha gurudumu) na upande wa difu, usikubali kuambiwa "ni zilezile, bosi". Pima kwa veniya unene wa shafti katikati, na unene wa ile sehemu laini inayokaa kwenye oili sili ya difu. Mkwaruzo hapo utakuletea uvujaji wa oili hata kama jointi ni nzima. Kama gari lako lina pete ya meno ya ABS (mfumo wa kuzuia breki kukwamisha gurudumu) kwenye shafti, hakikisha ipo na meno yake yamelingana.

Halafu ishike mkononi. Kunja jointi ya nje hadi mwisho na uizungushe. Isikwame mahali popote, wala isitoe mlio mkavu. Sukuma na uvute ya ndani, inatakiwa kuteleza kwa uzito mmoja mwanzo hadi mwisho. Kwa mtumba, mwombe muuzaji akufungulie klipu moja uone grisi. Akikataa, mshukuru uende duka la jirani. Wauzaji wazuri wapo, nao hufungua bila kinyongo kwa sababu wanajua mzigo wao.

Umbali nao uwemo kwenye hesabu. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara maeneo ya Somanga, mzigo wa spea haukuwa na pa kupita. Kitu kisicholingana hakirudishwi kesho yake.

Raba ipi

Raba laini nyeusi ya kloropreni ndiyo ninayoipendelea kwa upande wa ndani wa gari lililoinuliwa. Inakubali kukunjwa pembe kubwa bila kuchoka haraka. Za plastiki ngumu zinazotumika kwenye jointi za nje za magari mapya zinavumilia vijiti na mawe vizuri zaidi, hivyo kwa nje ni nzuri, mradi ziwe za umbo sahihi. Za silikoni zinanyumbulika sana lakini kijiti kikavu cha mkorosho kinazichana kirahisi. Za kupasuliwa na kugundishwa kwa gundi, zinazowekwa bila kung'oa shafti, ni za dharura tu. Vumbi na joto havipatani na gundi.

Hesabu mikunjo. Raba yenye mikunjo mingi na iliyo ndefu kidogo inagawana mkunjo vizuri kuliko fupi yenye miwili au mitatu. Zipo raba zinazotengenezwa kwa ajili ya pembe kubwa, na kama unazipata za gari lako, chukua za ndani mbili.

Kuvika

Kama fundi ndiye atakayefanya, kaa naye. Kama ni wewe, hakikisha una soketi ya nati ya habu kabla ya kuanza. Kwa Prado 120 na Vigo ni namba 35.

Legeza nati ya habu gari likiwa chini, baada ya kutoa spliti pini. Kisha jeki, stendi, gurudumu, kalipa ya breki ifungwe kwa waya isining'inie kwenye hosi. Fungua tairodi endi na bolti za bol jointi ya chini, sogeza habu nje, gonga mwisho wa shafti kwa nyundo ya plastiki. Ukiikosa, rudisha nati hadi isawazike na ncha ugonge juu ya nati, usiharibu meno. Upande wa difu, ibandue kwa msukumo mmoja mkavu wa nondo, chombo kikiwa chini kukinga oili. Tumia nafasi hii kukagua bol jointi ya chini yenyewe. Ikicheza, ibadilishe leo, kwa sababu ikikatika gurudumu linalala.

Kwenye Toyota nyingi jointi ya nje haitoki kwenye shafti. Raba ya nje inaingizwa kupitia upande wa ndani. Kwa hiyo fungua ya ndani, weka alama ya rangi kwenye kikombe (ganda la nje la jointi), miguu mitatu na shafti ili virudi vilivyokuwa, toa saklipu (pete ndogo ya chuma inayoizuia isitoke), vua. Funika meno ya shafti kwa tepu kabla ya kupitisha raba mpya, meno hayo yanakata kama kisu.

Osha kwa mafuta ya taa, lakini usiishie hapo. Mafuta ya taa yanayobaki ndani yanayeyusha grisi mpya. Maliza kwa dawa ya kusafishia breki na upepo wa kompresa mpaka pawe pakavu kabisa. Grisi iwe ile iliyokuja na raba, yote, pakiti ya nje iende nje na ya ndani iende ndani. Grisi ya beringi haifai. Isukume kwenye gololi kwa kidole mpaka itokee upande wa pili, kinachobaki kiwekwe ndani ya raba.

Klipu ya mwisho usiikaze bado. Weka shafti kwenye urefu wake wa kawaida, ingiza bisibisi nyembamba isiyo na makali chini ya mdomo wa raba, hewa iingie na kutoka, mpaka mikunjo ikae bila kuvimba wala kunyonywa. Ndipo ukaze, kwa koleo maalumu la klipu. Klipu za plastiki za kufungia nyaya sitaki hata kuziona hapo.

Rudisha kila kitu, oili ya difu ipimwe. Nati ya Prado 120 inakazwa Nm 235. Kwa gari jingine fuata kitabu chake. Spliti pini iwe mpya. Usilisukume gari hata hatua moja nati ikiwa imelegea, beringi ya habu inaumia.

Baada ya hapo

Angalia klipu baada ya kilomita 200 hivi, kisha kila unapobadilisha oili. Ukitoka kuendesha ufukweni Msimbati, osha chini kwa maji baridi siku hiyohiyo, chumvi inakula klipu kabla ya mpira. Wenye Hilux za zamani zenye habu za kufunga kwa mkono, zifungueni mkifika lami, shafti zipumzike. Prado haina bahati hiyo, fowili yake ni ya muda wote na shafti zinabeba mzigo kila kilomita.

Mimi sasa natembea na shafti moja ya mtumba, ya asili, nimeivika raba mpya na kuipaka oili isishike kutu, nimeifunga kwenye gunia nyuma ya kiti cha mwisho pamoja na soketi ya 35. Inatoshea kulia na kushoto. Haijawahi kutumika tangu Februari, na safari ya Nachingwea wiki ijayo itakwenda nayo.